Mawe ya Figo: Kinachorithiwa na Kisichorithiwa

Nataka kuzungumza nanyi juu ya maradhi yanayoogopwa na wengi na kueleweka na wachache, nayo ni mawe ya figo; na hasa juu ya swali moja. Kwa nini maradhi haya huonekana kuandama nyumba fulani, baba kisha mwana, hali majirani wao hawayajui?

Swali hili nililetewa na kijana mmoja tuliyekuwa tukimfundisha kazi ya ualimu. Jioni moja, masomo yalipokwisha, alibaki nyuma, akaniamkia, nami nikamwitikia. Kisha akasimama kimya kama mtu aliyebeba mzigo. Mwisho akasema: "Mwalimu, babu yangu alikuwa na mawe ya figo. Baba yangu alipasuliwa akatolewa jiwe. Mwaka huu kaka yangu ameanguka shambani kwa maumivu yale yale. Mimi nimepeleka posa, na wazee wa msichana wamezisikia habari hizi. Wanasema nyumba yetu ina laana, na binti yao hawezi kuingia katika nyumba yenye laana. Je, ni kweli kwamba jiwe limo mwilini mwangu tayari, lanisubiri?"

Sikumjibu siku ile, maana sikutaka kumpa maneno ya kumtuliza tu. Nilisoma, nikauliza kwa waganga wa hospitali, nikarudi kwake baada ya juma moja. Haya nitakayoyasema leo ndiyo jibu nililompa.

Kwanza yatupasa kujua jiwe lenyewe ni kitu gani. Mtu ana figo mbili, nazo zimekaa upande wa mgongo, chini ya mbavu, moja kuume na moja kushoto, na kila moja ni kadiri ya ngumi. Kazi yao ni kusafisha damu. Damu hupita humo tena na tena mchana na usiku, na kwa siku moja figo huchuja maji yapatayo lita 180. Karibu maji hayo yote hurudishwa mwilini. Masalio tu, kwa kawaida lita 1 au 2, hutoka yakawa mkojo, yakichukua taka na chumvi zisizohitajiwa.

Basi ninyi mkaao pwani mmeona jinsi chumvi ifanywavyo. Maji ya bahari huzuiwa katika mashimo mapana yenye kina kidogo, jua likayakausha. Maji yakipungua, chumvi iliyokuwa imeyeyuka humo hukosa mahali pa kukaa, ikaanza kuonekana chini, chembe moja moja, nyeupe na ngumu. Chumvi haikuja kutoka nje, ilikuwamo tangu mwanzo. Kilichopungua ni maji. Katika figo mambo huwa vivyo hivyo. Mkojo ukiwa mwingi na mwepesi, vitu vyote hubaki vimeyeyuka na kutoka bila kujulikana. Ukiwa mchache na mzito, au vitu hivyo vikizidi, chembe huanza kugandamana, na chembe juu ya chembe hufanya jiwe.

Jiwe likikaa kimya ndani ya figo, mtu aweza kuishi nalo pasipo kujua. Lakini likiondoka na kuingia katika mrija mwembamba uletao mkojo kibofuni, hapo maumivu huja kwa nguvu. Huanzia kiunoni au ubavuni, yakashuka hadi kinenani. Huja kwa mawimbi, na mgonjwa hawezi kulala wala kukaa, hutapika na kutoka jasho. Wanawake wengine waliopatwa nayo wamesema kwamba yafanana na uchungu wa kuzaa. Si ajabu, basi, kwamba watu huyatafutia sababu iliyo kubwa kama maumivu yenyewe, wakanena laana na uchawi.

Walakini swali la yule kijana si geni. Karibu miaka 450 iliyopita, lilimsumbua mtu mmoja mwenye elimu kubwa katika nchi ya Ufaransa, jina lake Michel de Montaigne, aliyezaliwa mwaka 1533 na kufa mwaka 1592. Baba yake aliishi kwa afya njema hata alipofika miaka 67. Ndipo aliposhikwa na ugonjwa wa jiwe, akateseka kwa miaka saba, akafa mwaka 1568. Montaigne mwenyewe alizaliwa miaka 25 na zaidi kabla baba yake hajaanza kuugua. Hata hivyo, naye alipofika kama miaka 45, ugonjwa ule ule ulimwingia. Katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1580, aliandika habari ndefu juu ya watoto kufanana na baba zao, akashangaa sana. Je, baba aliwezaje kumpa mwanawe ugonjwa ambao yeye mwenyewe hakuwa nao wakati ule? Ugonjwa huo ulijificha wapi miaka yote hiyo? Tena, kwa nini yeye peke yake aliupata kati ya ndugu zake wengi, waliozaliwa na mama mmoja?

Montaigne hakupata jibu. Sisi leo twaweza kumjibu, na jibu ni hili: baba hakumpa mwanawe jiwe. Alimpa maelekeo ya kufanya jiwe. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, nami nawaomba myatenge vema, kwa kuwa mazungumzo yetu yote yamesimama juu ya tofauti hiyo.

Mwili wa kila mtu hujengwa kwa maagizo. Maagizo haya huitwa jeni, nayo hukaa katika chembe hai zote za mwili, isipokuwa chache. Kila agizo twalipata mara mbili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Kati ya maagizo hayo, mengine huziambia figo ni kiasi gani cha chokaa kiachwe kitoke katika mkojo, na mengine husimamia vitu vizuiavyo chembe zisigandamane. Mtu mmoja huzaliwa na figo zinazoachilia chokaa nyingi kidogo. Mwingine huzaliwa na figo zenye kubana zaidi. Tofauti hizi ni kama tofauti za kimo na sura. Kila mzazi humpa mtoto nusu tu ya maagizo yake, wala si nusu ile ile kwa kila mtoto. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja hawafanani, na ndiyo maana Montaigne aweza kupata maelekeo ambayo dada yake hakuyapata. Baba yake naye alikuwa nayo tangu kuzaliwa, ingawa jiwe lilichelewa hadi uzeeni.

Maelekeo haya yana nguvu gani? Katika nchi ya Marekani, uchunguzi juu ya wanaume wapatao 38,000, uliochapishwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba mwenye jamaa waliopata mawe huwa katika hatari mara mbili na nusu kuliko asiye nao. Kwa hiyo wazee wale hawakukosea walipoona kwamba maradhi haya hufuata nyumba. Walikosea katika sababu.

Lakini sikilizeni na jambo la pili, kwa maana hili ndilo lililompa kijana wangu pumzi. Huko huko Marekani, mwaka 2005, waganga waliandika habari za wanaume pacha. Kuna pacha wa namna mbili: wale wanaofanana kabisa, ambao maagizo yao ni yale yale, na wale wasiofanana, ambao ni kama ndugu wa kawaida waliozaliwa siku moja. Ilionekana kwamba kati ya pacha wanaofanana, mmoja akipata jiwe, mwenzake naye hulipata kwa kadiri ya 32 katika 100. Kwa pacha wasiofanana ilikuwa kadiri ya 17 katika 100. Hesabu hii yasema mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, urithi una kazi kweli, kwa kuwa 32 ni karibu mara mbili ya 17. Pili, urithi si hukumu. Kwa maana watu hawa walikuwa na maagizo yale yale, na hata hivyo kwa kila 100 wa namna hiyo, wapatao 68 hawakupata jiwe ingawa pacha wao alilipata. Kama jiwe lingekuwa limekwisha kuandikwa mwilini, wote wangalilipata. Basi liko jambo jingine lililowatenganisha, nalo hutokana na maisha yenyewe: maji wanywayo, chumvi walayo, jua wafanyalo kazi chini yake.

Tena tusisahau kwamba jamaa moja hushiriki damu, na hushiriki chungu pia. Baba na mwana hula chumvi ile ile, hulima shamba lile lile katika joto lile lile, na huwa na desturi ile ile ya kunywa maji au kutokunywa. Mengi tunayodhani kuwa ni ya damu, mengine ni ya chungu. Na mambo ya chungu yanabadilika.

Sasa, yako mawe ya namna mbalimbali. Yaliyo mengi kuliko yote ni ya chokaa iliyoungana na kitu kiitwacho oksaleti, na haya ndiyo niliyokuwa nikiyasema hadi hapa. Hayatokani na agizo moja, bali na mengi, kila moja likitia nguvu kidogo. Lakini yako mawe machache ambayo hutokana na kosa katika agizo moja tu, na kwa hayo twaweza kuiona njia ya urithi waziwazi. Mwaka 1810, mtaalamu mmoja wa Uingereza, William Hyde Wollaston, alieleza jiwe la namna mpya, tofauti na yote yaliyojulikana. Kitu kilichofanya jiwe hilo huitwa leo sistini. Kitu hicho si sumu. Kimo katika nywele zetu, katika kucha, na katika pembe za ng'ombe. Figo zilizo nzima hukirudisha mwilini. Figo zenye kosa hili hukiacha kipotelee katika mkojo, na kwa kuwa hakiyeyuki kwa urahisi, hugandamana. Mawe haya huweza kuanza mtoto akiwa bado mdogo, na kurudi tena na tena.

Mwaka 1908, daktari wa London aitwaye Archibald Garrod alitoa mihadhara juu ya hitilafu za mwili ambazo mtu huzaliwa nazo, akaihesabu hii kuwa mojawapo. Katika mihadhara hiyo hiyo alitaja pia ualbino. Sheria ya urithi wa mambo haya mawili ni moja kwa kawaida: mtoto hupatwa iwapo amepokea agizo lenye kosa kwa baba na lenye kosa kwa mama pia. Aliyepokea moja lenye kosa na moja lililo zima, hilo zima humtosha. Haugui, wala hajui kwamba amebeba kitu. Ndivyo ilivyo kwamba wazazi wawili wenye afya huweza kumzaa mtoto mwenye maradhi ambayo hakuna ayakumbukaye katika ukoo, watu wakaanza kutafuta mchawi.

Wanafunzi, jaribuni jambo hili shuleni. Chukueni sarafu mbili. Moja iwe baba, moja iwe mama. Upande mmoja wa kila sarafu uiteni "zima", na wa pili uiteni "kosa". Zirusheni pamoja mara 100, mkiandika kila mara zilivyoanguka. Mtaona kwamba "kosa" na "kosa" hukutana kadiri ya mara 25, yaani mara moja katika nne. Hiyo ndiyo kadiri ya hatari kwa kila mtoto wa wazazi kama hao. Wala msidhani kwamba mtoto mmoja akiisha kupatwa, watatu wafuatao wamesalimika. Sarafu hazikumbuki zilivyoanguka jana. Na kwa kuwa watoto wa ndugu wawili huweza kuwa wamepokea kosa lile lile kwa babu mmoja, maradhi ya namna hii huonekana zaidi mahali ambapo ni desturi kuoana watoto wa ami na wa shangazi. Sisemi hivi ili kulaumu desturi ya mtu, bali ili watu wajue kwa nini.

Kosa hili la jeni lilifahamika lilipo katika miaka ya 1994 na 1999. Lakini dawa yake ya kwanza ilitangulia kujulikana, nayo ilikuwa ni maji. Mwaka 1955 Charles Dent na mwenzake wa London waliandika jinsi walivyowatibu wagonjwa wa sistini kwa kuwanywesha maji mengi mchana na usiku pia, maana mtu alalapo mkojo huwa mzito. Ni hesabu nyepesi. Lita moja ya mkojo huweza kuyeyusha kama miligramu 250 za sistini. Mgonjwa akitoa miligramu 750 kwa siku, atahitaji lita ngapi za mkojo? Mtoto wa shule atajibu: 3. Siku hizi ziko dawa nyingine pia, lakini maji yangali msingi.

Ikiwa maji huweza kuwasaidia hata wale wenye urithi mzito hivyo, sembuse wale wenye maelekeo madogo? Katika mji wa Parma, nchi ya Italia, madaktari waliwafuata kwa miaka mitano watu 199 waliokwisha kupata jiwe la chokaa mara moja. Nusu yao waliambiwa wanywe maji mengi. Wengine waliachwa na desturi zao. Habari zake zilichapishwa mwaka 1996. Katika 99 waliokunywa maji mengi, 12 walipata jiwe tena. Katika 100 waliosalia, walipata 27.

Basi mtu ambaye jamaa zake wamepata mawe afanye nini?

Kwanza, anywe maji ya kutosha, yaliyo safi, na ayagawe mchana kutwa, asisubiri kiu. Alimaye juani, achomaye matofali au tanuri ya makaa, na avuaye samaki, hawa maji yao hutoka kwa jasho kabla hayajafika kuwa mkojo. Kwao hapana budi kuzidisha. Aliyekwisha kupata jiwe ajitahidi mkojo wake ufike lita 2 na nusu kwa siku. Kipimo kisicho na gharama ni rangi: mkojo uwe mweupe au wenye umanjano hafifu, ukiwa kama chai ya mkandaa, mwili waomba maji. Lakini mwenye ugonjwa wa moyo, au ambaye figo zake zimedhoofika, asizidishe maji bila kumwuliza daktari.

Pili, apunguze chumvi, kwa sababu chumvi nyingi huzifanya figo ziachilie chokaa nyingi. Wala asile nyama kupita kiasi. Maji ya limau yafaa, kwa kuwa yana kitu kizuiacho chembe zisigandamane.

Tatu, asiache maziwa. Watu wengi husema, "Jiwe ni la chokaa, na maziwa yana chokaa, basi tuache maziwa." Maneno haya yapendeza masikioni, lakini si kweli. Chokaa ya chakula hukutana na oksaleti tumboni, ikaishika, zikatoka pamoja chooni kabla oksaleti haijafika katika figo. Mwaka 2002, wataalamu wa Parma waliwalinganisha wanaume 120 kwa miaka mitano. Kati ya 60 waliopunguza chokaa, 23 walipata mawe tena. Kati ya 60 waliokula chokaa ya kawaida na kupunguza chumvi na nyama, walikuwa 12 tu. Mchicha nao una oksaleti nyingi. Mtu asiukimbie, bali aule kwa kiasi, na maziwa yasikose katika chakula chake.

Nne, jiwe likitoka, lisitupwe. Aliweke katika kikaratasi safi, akalipeleke hospitali likapimwe, kwani kujua namna ya jiwe ni kujua namna ya kulizuia. Mtoto akipata jiwe, apimwe hima, naye mzazi ataje habari za jamaa pasipo kuona haya.

Tano, asidhani kwamba kila damu katika mkojo ni jiwe. Katika nchi zetu yaweza kuwa kichocho, na dawa yake ni nyingine kabisa. Na maumivu yakija pamoja na homa, au mkojo ukizibana usitoke, asingoje kesho wala asipige ramli. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Haya ndiyo niliyomwambia yule kijana. Jiwe la kaka yake lilikuwa limepimwa, likaonekana ni la chokaa, la namna ya kawaida. Nilimwambia: "Huenda una maelekeo, huenda huna. Jiwe halimo mwilini mwako likikusubiri. Una sababu ya kunywa maji kuliko wenzako, basi."

Akaenda kwa wazee wa msichana pamoja na baba yake mdogo, akawaeleza mambo yote, hata habari za zile sarafu mbili. Mzee mmoja akamwuliza, "Je, watoto wenu hawatapata?" Akajibu kwa ukweli, "Baba, yawezekana wakapata maelekeo. Nitawafundisha kunywa maji, kama ninyi mlivyowafundisha wenu kuogopa moto." Wazee walinyamaza kwa kitambo. Kisha bibi wa msichana akasema kwamba katika ukoo wao wenyewe watu wengi hupoteza macho uzeeni, wala hakuna aliyewahi kuwaita watu wa laana. Posa ikapokewa.

Nilipowatembelea mwaka uliofuata, niliukuta mtungi wa maji karibu na mlango, na kata juu yake. Kijana aliponikaribisha, kabla hata sijaketi, alinichotea maji. Nami nikaona kwamba somo limeingia.

Basi wapenzi wasikilizaji, nyumba ambayo maradhi haya yameijia mara mbili au tatu, msiitenge. Waendeeni, mkawaambie haya mliyoyasikia. Kwaherini.